Mkeka Uliopitia Barabarani

Mkeka ule bado umesimama nyuma ya mlango wangu hapa Malaba, na kila nikifunga mlango nakasirika upya. Kazi yangu ni kuvusha mizigo ya watu forodhani. Malori ya saruji, ya mafuta, ya mitumba, yote nayapitisha. Mkeka mmoja wa mafunjo ukanishinda.

Ngoja nikurudishe nyuma kidogo, uone hasira hii imetoka wapi. Nililelewa na nyanya, mzaa mama yangu, kule Samia, mbele ya Funyula, mahali mto Sio unapoingia ziwani. Asubuhi kulinuka omena, dagaa wa ziwa letu, walioanikwa juu ya nyavu kuukuu, na kazi yetu watoto ilikuwa kufukuza kuku na kunguru. Jioni tulipasua mafunjo hadi vidole vikachubuka, nyanya akisuka mikeka huku akitusimanga kwamba tunapasua kama watu wa mjini. Sima ya wimbi na muhogo ilikuwa inatusubiri, kwa hiyo tulivumilia.

Nyanya alikuwa na mdogo wake aliyeolewa ng'ambo, upande wa Uganda, karibu na Majanji. Kwa mtumbwi hapakuwa mbali. Ukiondoka baada ya chai, chakula cha mchana unapikiwa huko. Maji ya kahawia ya mto yakiisha na ya kijani yakianza, nyanya alisema tumetoka kwetu. Vilima vya Samia vikianza kujificha kimoja nyuma ya kingine, alitoa leso nzuri kwenye kikapu akajifunga, kwa sababu hapo yalikuwa maji ya wakwe, na mtu haendi kwa wakwe na leso ya jikoni. Huo ndio mpaka niliofundishwa mimi: mahali pa kubadilisha leso.

Shuleni mwalimu alilichora ziwa ubaoni, akalikata kwa rula. Tanzania wakapata lao kubwa, Uganda lao kubwa, sisi tukaachiwa kona, kama sima anayowekewa mtoto aliyechelewa kurudi. Nilipomsimulia nyanya, alicheka mpaka akaweka kazi yake chini.

"Mwalimu yenu amechora kwa ubao," akasema. "Mwambie akuje achore kwa maji, tuone."

Desturi yetu ilikuwa hii. Mwanamke aliyepelekwa kwa mume kwa njia ya maji, siku akifa, watu wa kwao huja kwa njia ya maji, wakileta mkeka uliosukwa nyumbani. Huo ndio anaolazwa juu yake kaburini, ajue kwamba kwao hawakumtupa. Nyanya aliusuka wa mdogo wake kwa mikono yake, na kabla hajafariki akanikabidhi. "Usipitishe kwa barabara," aliniambia. "Barabara ni mlango ya nyuma."

Mwaka huu nyanya mdogo akafa. Siku ya mazishi nilitoka Malaba alfajiri, mkeka begani, hadi ufukweni kwetu. Wavuvi walikuwepo, boti zilikuwepo, hata injini zilikuwepo. Hakuna aliyekubali kunivusha.

"Mama, hatubebi mtu siku hizi," akasema mwenye boti mmoja. "Askari wa ng'ambo wakipata sisi tumepita mpaka, boti inaenda, na sisi tunalala ndani."

"Na huo mpaka uko wapi?"

"Hiyo ndio hakuna mtu anajua. Wao wanasema hapa, watu wetu wanasema pale. Wewe unajua tu ukishashikwa."

Nilimwonyesha vilima. Nilimwonyesha maji yanapobadilika rangi. Akanitazama kwa huruma, kama unavyomtazama mgonjwa anayeongea peke yake. Mabati ya ng'ambo nilikuwa nayaona yaking'aa, na pengine moja lilikuwa la nyumba ya marehemu. Nikampigia mjomba, mwanawe, simu imezimwa.

Basi nikapanda hadi mji wa Busia, nikapanga foleni mpakani, na huko kijana wa zamu akaniuliza kama mkeka ni wa kuuza. Mimi, ambaye kila siku najibia mizigo ya wengine, nikaukunjua wangu mezani auone. Kisha bodaboda, vumbi, mashimo, tukishuka tena kulifuata ziwa lile lile nililoliacha asubuhi.

Nilikuta udongo umeshasawazishwa. Mjomba alinijia na viatu vyenye tope la ufukweni, akauona mkeka, akasimama.

"Mtoto wa dada," akasema, "tumekungoja mpaka padri akasema mvua inakuja. Sisi tulikuwa tunaangalia maji."

Mkeka ule hauwekwi juu ya udongo, kwa hiyo nilirudi nao. Kinachoniudhi zaidi ni kwamba mwalimu ameshinda. Mstari wake umeingia majini kweli, na hakuna anayeweza kunionyesha ulipo. Vilima bado vinajificha kimoja nyuma ya kingine, na hakuna tena mwanamke wa kubadilisha leso pale. Nyanya mdogo amelala kwenye udongo mtupu, ng'ambo ya maji ambayo nilipokuwa mtoto niliyavuka nikiwa nasinzia miguuni mwa dada yake.