Maziwa Yana Masikio

Nilipokuwa mtoto wa miaka kumi na moja, nilikatazwa kutoa sauti nyumbani kwetu kwa siku nne. Si matusi wala uongo, sauti tu. Mungu alinipa koo la kuita ng'ombe aliye ng'ambo ya mto, na hasira ya kulitumia, na watu wa upande wetu wa Litein walinijua hivyo. Mtu akinichokoza nilimwambia pale pale, tukamalizana. Sasa mama yangu akajifungua, na nyanya yangu, ambaye kwa Kipsigis tunamwita Kogo, akasimama mlangoni akaninyooshea kidole.

"Wewe Chebet. Kuanzia leo hapa unatembea kama paka. Maziwa iko na masikio."

Hakuwa anatania. Kwetu kila mtu alijua kwamba ng'ombe hampi maziwa mtu mwenye hasira. Mpigie kelele, atayazuia, na utavuta chuchu mpaka vidole vife ganzi. Ndiyo maana wanawake wetu humvumia ng'ombe wakikamua. Si wimbo wenye maneno, ni mvumo wa kooni tu, mm-hmm, mm-hmm, na kila mkamuaji ana wake. Kogo aliichukua elimu hiyo ya zizini akaiingiza chumbani kwa Mama bila kubadilisha chochote. Mama mzazi asikie sauti laini peke yake, alisema, na mtoto akinyonya lazima avumiwe, la sivyo maziwa yatageuka na kurudi mgongoni. Neno kali linayakausha. Na neno la kifo ndilo baya kuliko yote.

Nimekuwa mtu mzima na bado nikikumbuka siku zile nachemka. Lakini nisidanganye. Wakati ule niliamini kila neno.

Tulikuwa na sababu ya kuogopa. Miaka miwili kabla, Mama alizaa msichana, akakaa naye siku tisa. Maziwa hayakuja vizuri, mtoto akapungua, akapungua, akaenda. Tulimzika nyuma ya nyumba, karibu na mstari wa kwanza wa majani chai, na jina lake halikutajwa tena. Kwa hivyo huyu mvulana alipoletwa kutoka kituo cha afya, amefungwa shali mpaka puani, hakuna aliyeuliza anafanana na nani. Waliokuja wote waliuliza neno moja tu: "Ananyonya?"

Alikuwa ananyonya kidogo, anaachia, analia. Anashika tena, anaachia.

Kogo alikaa kwenye kigoda kando ya kitanda akavuma. Lazima niseme ukweli, ulikuwa mvumo mzuri. Nilikaa nje chini ya dirisha nikausikia ukipita kwenye ukuta wa mbao, na hata mimi mabega yalilegea. Mtoto alinyamaza akavuta mara tano, sita. Ingeachwa hapo labda nisingekuwa na la kuandika.

Lakini kesho yake akafika Senge, dada ya Baba, kutoka Chebunyo, na Biblia yake na kuku wawili. Alimkuta Kogo akivuma, akasimama katikati ya chumba bila kuvua hata koti.

"Mama, hiyo si ya kukamulia ng'ombe?"

"Ndiyo hiyo."

"Huyu ni mkristo, si ng'ombe! Mnamwimbia mkristo kama Friesian?"

"Na wewe ulinyonya ukiimbiwa nini?" Kogo akamuuliza. "Ulinyonya hii hii. Na angalia vile umenona."

Senge akaanza kuimba wimbo wa kanisa, kwa sauti ya pili, maana hakuwahi kujua ya kwanza. Kogo hakuacha kuvuma. Mmoja huku, mmoja kule, na Mama katikati na titi mkononi, anatazama ukuta.

Muuguzi wa kituo cha afya naye alikuwa amemwambia Baba kwamba mama anahitaji utulivu. Baba alikuwa mtu mwema asiyeweza kukaa bure. Alisikia utulivu akaelewa redio. Akatia betri mpya kwenye ile redio yetu ya kaseti, akaiweka dirishani ikielekea kitandani, na kwa kuwa desturi haikumruhusu kukaa chumbani na mzazi, alikuwa anapitisha mkono dirishani kutoka nje kuongeza sauti, kisha anachungulia.

"Imekuja?" anauliza.

"Toka hapo!" Kogo anamjibu, halafu anarudi kuvuma.

Mimi nilinyamaza. Nilipeleka kuni bila sauti, nilifua nepi bila sauti. Nepi zilizolowa zilikuwa chache, na hilo nililiona kabla ya watu wazima kuliona. Tena nilimkamua ng'ombe wetu Samo kimya, kwa sababu sikuruhusiwa kuvuma, na Samo, aliyezoea mvumo wangu tangu Mama alipokuwa mzito, akanipa nusu ndoo. Kogo akachungulia ndani ya ndoo, akatikisa kichwa. "Unaona? Hata ng'ombe anajua moyo wako uko na moto." Ulikuwa na moto, ndiyo. Nani aliuwasha?

Siku ya nne nilitoka shambani kuchuma majani. Mvua ilikuwa imeninyeshea, kikapu kimelowa mgongoni, miguu ina matope mpaka magotini. Kabla sijafika uani nilisikia. Senge alikuwa ameita wanakwaya. Akina mama watano na kayamba mbili, wamejaa chumbani kama maharagwe kwenye debe. Redio nayo inasoma bei za mahindi. Kogo anavuma kwa nguvu ili asishindwe, mishipa ya shingo imemtoka. Na chini ya kelele hizo zote, sauti moja nyembamba iliyokauka. Ndugu yangu alikuwa analia kama mlango unaohitaji mafuta.

Niliingia na kikapu mgongoni.

"Nyamazeni! Nyinyi wote nyamazeni! Mnaua mtoto!"

Kayamba zilikufa. Mmoja wa wanakwaya alishika mdomo. Ni redio tu iliyoendelea, mpaka Baba akapitisha mkono akaizima. Hapo ndipo nilipoelewa nimetamka neno gani, na ndani ya nyumba gani.

Kogo hakunipiga. Afadhali angenipiga. Alinishika mkono akanitoa nje polepole, kama mtu anayetoa kaa la moto. Alasiri nzima mtoto alikataa titi. Alifungua mdomo, akageuza uso. Ilipofika saa kumi na moja hakuwa na nguvu ya kulia, na nepi niliyomfunga asubuhi ilikuwa kavu bado. Nilisikia Senge akimwambia Baba, "Ni ile neno ya Chebet." Baba hakujibu. Nilitamani ajibu.

Sikulaumu mtu. Nilikaa nyuma ya jikoni nikijua kwamba nimemuua ndugu yangu kwa mdomo wangu. Mtoto wa miaka kumi na moja! Nikimfikiria leo yule msichana na magoti yake ya matope, natafuta mtu wa kugombana naye, na wote waliofaa kugombezwa wameshazikwa.

Kabla ya giza Kogo akaja akasimama mbele yangu.

"Aliyechafua sauti ndiye anasafisha," alisema. "Asubuhi utamkamua Samo hapa, chini ya dirisha la mama yako. Utamvumia, na mama yako atasikia. Samo akishusha, mama yako naye atashusha."

"Na Samo akikataa?"

"Usiniulize mambo mingi."

Asubuhi tulimleta Samo kutoka zizini. Hakupenda. Ng'ombe ana mahali pake pa kukamuliwa, umbadilishie hatua kumi tu anakuona mwizi. Habari ilikuwa imeenda mbio, wanakwaya wakarudi, na majirani wawili juu yake. Samo alijulikana kwa mateke, kwa hivyo Baba akashika kamba ya pembe, Senge akashika mkia, Kogo akasimama kando yangu na mikono kifuani. Ua lilijaa watu wananitazama vidole.

Ndama alinyonya kidogo, tukamwondoa. Nilipaka jeli ya kukamulia, nikashika chuchu, nikavuta. Matone mawili, kisha hakuna kitu. Kiwele kimejaa kama ngoma lakini Samo ameyashika maziwa juu, mgongo umepinda.

"Vuma," Kogo alisema.

Nikavuma. Haukuwa mvumo, ulikuwa msumeno. Nilikuwa na hasira na Kogo, na Senge na mkia wake, na Baba aliyekataa kunitetea, na Samo, na mtoto mwenyewe aliyekuja kuzaliwa kwetu kama hakuna nyumba nyingine. Nilisaga meno nikavuma hivyo hivyo. Samo akainua mguu. Baba akavuta kamba. Nilivuma. Nikaweka paji la uso kwenye ubavu wake kama nilivyozoea, kwa sababu hapo angalau sioni watu, na nikaendelea. Sijui ni muda gani. Machozi yalikuwa yananitoka na sikuweza kuyafuta, mikono ilikuwa kazini.

Kisha nikasikia ubavu ule umeshuka. Samo alipumua pumzi moja ndefu, na chuchu zikajaa mkononi mwangu. Chii, kwenye ndoo tupu. Chii, chii. Baadaye povu likapanda, sauti ikawa nzito, fuu, fuu, fuu. Nilikamua mpaka ndoo ikawa nzito nisiweze kuisogeza kwa goti.

Ndipo Kogo akainua kidole, tukasikiliza. Kutoka ndani ya ukuta wa mbao ilikuja sauti ndogo sana, ya kumeza. Glu. Glu. Glu. Mtoto alikuwa anameza, hapumziki. Kogo alikimbia ndani, mzee yule, na aliporudi mlangoni kofi lake la furaha lilimwangushia leso.

"Nguo ya mama yake yote imelowa! Si nilisema? Maziwa iko na masikio!"

"Ni maombi," Senge akasema, bado ameshika mkia. "Jana tuliomba."

"Mtoto wangu alikuwa anataka tu kupoa," Baba akasema. "Ile redio ilimtuliza."

Wanakwaya wakaimba. Kila mtu alichukua ushindi wake akaenda nao. Mimi niliachiwa ndoo.

Ndugu yangu alikua. Ana mabega kama ya fahali na hasira kidogo kuliko mimi. Kwa miaka mingi nilitembea nikiamini kwamba nilimuua na kumfufua katika siku mbili, na sikujua lipi kati ya hayo niliogope zaidi. Ilibidi nizae mwenyewe ndipo nijue. Hospitalini, muuguzi kijana aliniwekea simu kando ya mto wa kulalia, ikitoa sauti ya mvua inayonyesha polepole. "Inasaidia mama kutulia, maziwa ikuje vizuri," alisema, kana kwamba ni habari mpya duniani. Nilicheka mpaka nyuzi nilizoshonwa zikaniuma. Mama alikuwa amekuja kuniona, amekaa kwenye kiti cha plastiki na chupa ya uji mapajani. Nikamuuliza kile ambacho sikuwahi kumuuliza.

"Mama, ile siku ya Samo. Ni mvumo wangu kweli?"

Alifikiri kwanza. Mama ni mtu wa kufikiri kwanza.

"Siku nne walikuwa wananiangalia titi," alisema. "Kogo, Senge, wale wa kwaya. Baba yako naye dirishani. Nikishika mtoto, macho yote yako hapa. Nikiona macho nakumbuka yule mwingine. Nakauka. Halafu ile asubuhi wote wakatoka kukuangalia wewe na Samo. Wote. Nikabaki na mtoto wangu."

"Kwa hivyo si mvumo."

"Niliusikia mvumo. Ulikuwa kama mtu anatafuna mawe." Akaanza kutabasamu. "Nilicheka, Chebet. Peke yangu kitandani nilicheka, na nilikuwa sijacheka tangu niwe mzito. Nikasikia joto linashuka."

Nilikasirika. Ndiyo, pale kitandani, na mtoto kifuani.

"Na mbona hukuwaambia watoke? Neno moja tu!"

"Ningesema na mdomo gani?" Mama alimimina uji kwenye kifuniko akanipa. "Wewe ulinyamazishwa siku nne. Mimi nilinyamaza tangu tuzike yule msichana. Mama amepoteza mtoto, akirudi na mwingine, anaweza kuambia watu nini? Anakaa tu, anafanya vile wamesema. Wewe ndiye uliingia ukawaambia wanyamaze. Mimi nilikuwa nataka kusema hivyo tangu siku ya pili."

Niliunywa uji ule wote.

Sijui kama maziwa yana masikio. Mvua ya kwenye simu ilinisaidia, siwezi kusema haikunisaidia, na nyumbani nimewavumia wanangu mvumo wa Kogo, ule ule wa zizini, na wameukubali. Mtu akiniambia ni ushamba nitamjibu. Ninachojua ni kwamba katika nyumba ile kila mtu alibishana juu ya sauti ipi aisikilize Mama, na hakuna aliyesikiliza kama Mama ana yake. Hata mimi, niliyejiona peke yangu ndiye niliyefungwa mdomo.

Siku hizi nikienda kumwona mzazi nabeba uji, naweka mezani, nauliza, "Nikae au niende?" Wengi husema kaa. Mmoja, binti ya jirani yangu, aliniangalia usoni akasema, "Enda, Mama." Nilienda. Nilinuna njia nzima mpaka karibu na kiwanda cha chai, naongea peke yangu, natembea haraka. Kisha nikakumbuka kwamba yeye ameweza kusema, nikapunguza mwendo.