Ushindi Asioukumbuka Bwana Nne

Wenzake walimwita Bwana Nne, jina ambalo hakulipenda wala hakulikataa. Alikuwa mwendesha pikipiki za mbio, kazi iliyomlisha na kumvika, na katika miaka yote aliyoifanya alikuwa na bahati moja ya ajabu: kila mara mbele yake walimaliza watatu. Iwe mvua, iwe jua, watatu walipanda jukwaani na yeye akabaki chini akivua glavu. Watu wa gereji walimtania kwamba hata mapacha wakizaliwa kwake, watakuwa wanne. Alicheka nao. Alikuwa mtu wa tahadhari, akikamata breki mapema, pale tu alipojua tairi halitateleza, na alirudi nyumbani na viungo vyake vyote. Kwa mkewe hilo lilikuwa kombe tosha.

Fundi wake alikuwa dada yake wa tumbo moja, mwanamke wa maneno machache, kucha zimekolea grisi. Yeye ndiye aliyemfundisha kuendesha, na mpaka utu uzima wao alimwita "mdogo wangu" hata mbele ya meneja wa timu.

Asubuhi ya mbio za mwisho za msimu, Bwana Nne alianguka mazoezini. Kwenye kona ya kushoto gurudumu la nyuma liliteleza, likashika ghafla, likamrusha juu kama gunia. Alitua kwa bega na kichwa. Aliinuka mwenyewe, akapunga mkono. Daktari wa uwanja akammulika machoni, akamuuliza leo siku gani na hapa ni wapi. Akajibu vizuri. Akaruhusiwa.

Haya yote aliyajua baadaye kwa kusimuliwa. Yeye alikumbuka kufunga zipu ya suti yake ya ngozi asubuhi, kisha akajikuta amekaa kwenye kiti cha plastiki ndani ya gereji, jua limehamia upande wa pili, na dada yake anapanga spana sandukuni.

"Dada, mbona unafunga vitu? Tunaanza saa ngapi?"

"Tunaanza nini?"

"Mbio."

Dada hakuinua kichwa. Alidhani ni mzaha. "Uliza hilo kombe," akasema, akionyesha kwa kidevu.

Juu ya pipa la mafuta lilisimama kombe kubwa, bado lina unyevu wa shampeni.

"La nani hilo?"

Hapo dada akaiweka spana chini, akaja kumtazama machoni.

Hospitalini walielezwa kwamba ubongo ulitikisika pale alipoanguka, na kwamba kumbukumbu za siku ile huenda zisirudi kamwe, kwa kuwa huenda hazikuhifadhiwa tangu mwanzo.

"Kwa hiyo aliyeshinda ni nani?" akauliza Bwana Nne.

Daktari alimtazama asijue kama anatakiwa kucheka.

Nyumbani kila mtu aliijua siku ile kuliko yeye. Mkewe alimwambia kwamba alimpungia mkono kabla ya kuondoka mstarini. Jirani akaapa kwamba alimuona akilia jukwaani. Mjomba, ambaye hata uwanjani hakufika, ndiye aliyesimulia vizuri kuliko wote, chumvi na pilipili juu. Bwana Nne aliwasikiliza akitikisa kichwa, kama mtu anayehadithiwa harusi yake mwenyewe huku akijiuliza bibi harusi ni nani.

Akaitazama video. Mzunguko wa mwisho, kona ya mwisho, pikipiki yake iko nafasi ya tatu. Wawili wa mbele wakakamata breki. Yeye hakukamata. Aliwapita kwa upande wa ndani wa kona, karibu na ukingo, kwenye upenyo ambao yeye asingepitisha hata baiskeli, ndipo akavuta breki, pikipiki ikayumba, ikatulia, akatoka wa kwanza. Akairudisha video. Akairudisha tena.

"Huyu si mimi," akamwambia mkewe.

"Suti yako, namba yako."

"Suti ni yangu. Mkono si wangu."

Wiki hiyo alitembelewa na mshindi wa pili, mpinzani wake wa miaka mingi, aliyeitwa Mvi kwa sababu ya nywele zake. Alikuja na mfuko wa machungwa, akamsalimu mke wa Bwana Nne, akakaa, akashindwa kujizuia.

"Ulijuaje kwamba nitaacha nafasi pale? Mimi siachi nafasi pale."

"Sijui, kaka."

"Haya, ficha. Ningekuwa mimi nami ningeficha."

Kilichomchanganya zaidi kilitoka kwa dada. Walikuwa gereji wakisafisha mnyororo, wakijiandaa kwa msimu mpya, maana meneja alikuwa ameshamsajili daraja la juu kwa sababu ya ushindi ule. Dada akasema bila kutazama juu:

"Pale mstarini uliniuliza tumefunga tairi gani. Nikakujibu. Ukaniuliza tena. Nikakujibu. Ukaniuliza tena."

"Ukafanya nini?"

"Nikadhani ni wasiwasi. Daktari si alishakupitisha." Akasugua mnyororo kidogo. "Hapana. Nilitaka iwe wasiwasi."

Bwana Nne hakujua akasirike au ashukuru. Dada angemshusha, lisingekuwepo kombe. Hakumshusha, na pangeweza kuwepo kaburi. Akamshikia ndoo.

Msimu ulipoanza alijaribu kukamata breki kama yule wa kwenye video. Kila alipofika kwenye kona akili ilisema subiri, vidole vikavuta. Siku moja alivilazimisha visubiri, akaenda moja kwa moja kwenye changarawe na kulala chali akitazama mawingu, mzima, akijiuliza yule mtu alikuwa anajua nini. Akamaliza wa sita, kisha wa tisa. Alikuwa sasa akifika kila kona anabishana na nafsi yake, na pikipiki haitaki mabishano.

"Baba watoto," mkewe alimwambia, "huyo aliyeshinda mimi simjui. Niliyeolewa naye ni huyu anayekamata breki mapema."

Katikati ya msimu alimwambia meneja anaacha.

"Bingwa, kichwa chako kiko sawa kweli?"

"Ndilo swali langu hilo," akajibu Bwana Nne.

Siku hizi anafundisha waendeshaji kwenye uwanja uleule, na dada yake ndiye mtunza pikipiki za mafunzo. Wanafunzi wanamuuliza siri ya kona ya mwisho, anasema hajui, wanamwona mchoyo. Ameshazoea. Ila mwanafunzi mmoja, muuguzi anayekuja siku zake za mapumziko, alimuuliza jambo ambalo hajawahi kuulizwa na mtu.

"Mwalimu, ulifurahi ulipopita?"

Alivaa kofia yake, akamwambia arudi kwenye pikipiki. Wakati wa chakula akamfuata dada.

"Ile siku, nilifurahi?"

Dada alitafuna taratibu, akifikiri. "Ulikuwa umevaa kofia. Sikuuona uso."

"Na nilipoivua?"

"Uliomba maji," dada akasema. "Nikakupa, ukanywa yote."