Mti wa Asali Hauko kwa Orodha

"Elfu hamsini, mama. Weka kidole hapa, uende."

"Faranga elfu hamsini ni ya nini?"

"Ya nyumba yako ya majani. Shamba hauna, hatukukuta hata muhogo."

Nilikuwa nyuma yao katika ofisi moja ya Kabambare, nikingojea karatasi ya pikipiki yangu. Mama huyo ni Mtwa, wa watu wanaoishi kwa kuwinda na kuchuma msituni, na kampuni ya dhahabu imechukua msitu wa kwao. Karani wa fidia alishika orodha ya bei: mchikichi, mgomba, shamba la muhogo. Mama akahesabu kwa vidole.

"Miti ya asali, yenye nyuki ndani, iko saba. Bwana yangu aliitia alama ya panga, na kwetu mutu hagusi mti wenye alama ya mwenzake. Mumeikata yote."

"Nani aliipanda?"

"Mungu."

"Basi Mungu aje asaini."

Tukacheka. Na mimi nilicheka, na tangu siku ile naona haya.

Jirani mmoja, mkulima kama mimi, alifyeka kipande cha msitu huohuo akachomeka muhogo. Yeye alipewa elfu mia nne. Sikusoma sana, lakini mti unaolisha watoto kila msimu ni mali, hata kama haukupandwa na mutu.

Mama alificha kidole gumba ndani ya ngumi, akatoka bila noti hata moja. Karani akasema njaa itamrudisha. Labda itamrudisha kweli.

Mlipeni miti yake saba.