Mgongo Wangu Ulivyotangaza Mechi Mbale

Saa moja asubuhi, Jinja. Nilikuwa nakwenda Mbale kutangaza redioni mechi ya askari wa kambi ya Kimaka na timu ya wafanyabiashara wa sokoni. Nisichomwambia mtu ni kwamba mgongo unaniuma karibu tangu nianze kazi hii, miaka ishirini sasa. Mwenzangu alilalamikia goti mara moja tu, wakampeleka kusoma matangazo ya vifo. Mimi nani anisikie nikiguna?

Nina mbinu yangu. Mgongo ukinichoma hewani, kelele inayonitoka naigeuza: "Hatariii! Hatari golini!" Wasikilizaji huruka vitini. Nimesifiwa sana kwa mapenzi yangu ya mpira.

Bugembe hatujaimaliza, pingili za mgongo zikaanza kukaza. Nikamwomba dereva, Afande Opio, asimame ninunue ndizi, nipate kujinyoosha. Iganga, ndizi tena. Tulipopita Tororo na kufika Busiu tulikuwa na mikungu mitatu, na afande, mwanajeshi mstaafu asiyependa maswali, akauliza kama nafungua duka.

Mbale, alasiri. Kipindi cha pili mgongo ukanichoma wakati mpira umetoka nje na mchezaji anafunga kamba za kiatu. "Hatariii!" Ikabidi nibuni shambulizi zima: krosi, kichwa, kipa kadaka. Watu wenye redio masikioni wakageuka kunitazama. Nikajua leo kazi imekwisha.

Jioni, kwa Hajati Mariamu, muuza vitenge anayenipangisha chumba kila nijapo; naye alikuwa uwanjani. Alikuwa ametandika godoro sakafuni, na chupa ya maji moto kando. Nikamuuliza ya nini.

"Bwana, ile mpira ilikuwa nje," akasema. "Hiyo hatari yako ni mgongo. Sisi hapa najua miaka mingi. Pole."

Wallahi, nilitamani kulia. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua; mimi nimeumbuliwa na mpira wa kurusha.

Kesho yake, Jinja tena. Niliona heri nijitaje kabla sijatajwa. Nikaingia kwa mkuu wa redio, nikamweleza yote, nikaomba siku tatu nikamwone daktari wa mgongo.

Hakushangaa hata kidogo. Akasema na yeye anajua siku nyingi, kazi yangu iko salama, wasikilizaji wananipenda mno.

"Huyo daktari," akauliza polepole, "anaponya kabisa?"

Basi nimejifunza. Miaka ishirini nilidhani wanampenda mtangazaji, kumbe wanaupenda mgongo wake.