Maji ya Kiyoyozi

Wazee wetu walipofariki, niliacha skuli nikashika cherehani katika duka moja la Hamriya, mtaa wa mji huu wa Waarabu, nikawalea wadogo zangu. Tangu hapo sikuwahi kusema mbele yao kwamba jambo fulani silijui. Niliona mkubwa hasemi hivyo.

Mdogo wangu wa mwisho alipokuwa mwaka wa pili wa uhandisi, mwalimu wao alichoka kuona wanafunzi wanahifadhi kanuni na kuzisahau baada ya mtihani. Akaleta njia mpya: kila mmoja amfunze mtu wa nyumbani, kisha amlete darasani aeleze yeye. Maksi zitatokana na maelezo ya mgeni. Mdogo wangu alikwisha kuanguka somo hilo mara moja. Akianguka tena, anatolewa chuoni.

Alichagua maji yanayodondoka kwenye kiyoyozi chetu, ambayo mimi huyakinga kwa ndoo nikamwagilia mrehani. Wiki nzima alinieleza huku nashona. Kila akiniuliza, nilimjibu kuwa nimefahamu. Nilimwona ana furaha, sikutaka kumvunja moyo.

Darasani mwalimu aliniuliza, kwa Kiarabu cha upole, maji yale yanatoka wapi. Nikamgeukia mdogo wangu.

"Mwanangu, sijafahamu. Nilikuwa nakuitikia tu."

Nilidhani nimemmaliza. Yeye akainamisha kichwa, kisha akacheka kidogo. "Na mimi, Dada, nilikuwa nimehifadhi tu."

Mwalimu hakukasirika. Akatupa nusu saa tukae pembeni. Nililetewa gilasi ya maji ya barafu, nayo ikalowa kwa nje. Nikamuuliza mdogo wangu kama inavuja. Akasema la, ni maji ya hewani yamekutana na baridi. Basi mbona siku za fukuto ndoo yangu hufurika, na siku za gharbi, ule upepo mkavu wa bara, haifiki hata nusu, na joto ndilo limezidi?

Akaanza kunieleza, akakatiza, akaanza tena, mara hii bila maneno ya kitabu. Hewa ya fukuto imebeba maji mengi. Ikipita kwenye mabomba ya baridi, huyaacha pale. Ya gharbi haina mengi ya kuacha.

Nilisimama nikalieleza darasa habari za ndoo yangu mpaka mwisho. Mdogo wangu akafaulu.

Siku hizi akinieleza kitu husita, akanitazama usoni. "Dada, umefahamu kweli?"

Nikimwambia bado, huvuta kiti akakaa karibu na cherehani.