Homoni za Mdogo Wangu

Niliacha shule wazazi wetu walipokufa, ili wadogo zangu wapate kula na kusoma. Basi mdogo wangu wa kike, aliyeolewa Luberizi, alipopata mimba, mimi ndiye niliyempeleka hospitalini Uvira wakampima damu. Daktari alinieleza vizuri: kondo la nyuma linalomlisha mtoto hutoa homoni katika damu ya mama. Zake zilikuwa chini. Huenda mtoto angezaliwa mdogo mno, kwa hiyo asizalie mbali na mahali wanapojua kuwatunza watoto kama hao.

Tulipeleka habari Luberizi. Mama mkwe wake alikuwa akipepeta mchele. Akacheka.

“Mungu asifiwe. Mutoto mudogo anatoka bila shida. Hawatamupasula.”

Ndipo nilipojua kwamba kwa wiki nyingi alikuwa akimpunguzia chakula. Wanawake wa pale wanaogopa kupasuliwa, na mimba ikishakuwa kubwa humnyima mjamzito chakula cha jioni, mtoto asinenepe. Katikati ya mashamba yote yale ya mpunga, mdogo wangu alilala njaa, akaitika “ndiyo mama.” Hata yeye nilimkasirikia.

“Mama, munamunyima chakula?”

“Simunyimi, ninamupimia. Weye umezaa wangapi?”

“Sijazaa. Nimelea wane.”

“Kulea si kuzaa. Huyu ni muke ya mutoto wangu, atazalia hapa.”

Mume alikuwa akitazama simu yake. Mdogo wangu alitutazama sisi wote, kisha akaniuliza mimi, dada yake mkubwa, polepole, “Yaya, kwako kuna nini cha kula?”

Tulipanda pikipiki moja hadi kwangu Kasenga, mtaa wa Uvira.

Baadaye nilimuuliza daktari kama njaa ndiyo iliyoshusha zile homoni. Alisema hawezi kujua. Hasira yangu haikungoja ajue.

Alizalia hospitalini, bila kupasuliwa. Mtoto wa kike, mdogo kiasi kwamba niliogopa kumshika. Walimfunga kifuani kwa mama yake, ngozi kwa ngozi, apate joto na anyonye. Mama mkwe alikuja na wali na samaki. Akainama, akamtazama mtoto, akaniambia:

“Umeona? Alitoka muzuri tu.”

Nilichukua sahani mikononi mwake, nikaiweka mbele ya mdogo wangu, nikasimama kati yao wawili mpaka alipomaliza kula.