Ouma amechora mji mkuu, nyumbani hana mlango

Mnisamehe nimechelewa kuandika. Mtoto anaota meno, hataki kushuka mgongoni, na kila nikishika simu naona jina lake nashindwa.

Akili bado inakataa. Ouma wetu wa Karungu, deskmate wangu tangu class three, ameanguka site na hakuamka. Presha, wanasema. Presha! Mtu wa kucheka vile.

Tukiwa wadogo alikuwa anachora barabara na kijiti kwa mchanga wa ziwa. Ng'ombe wakipita juu analia, halafu anaanza upya.

Wengi mnajua alikuwa kwa timu ya ma-architect wanaochora mji mkuu mpya wa nchi jirani. Wakubwa walishika ikulu na bunge. Yeye akapewa mahali wafagiaji na makarani watakaa. Alifurahi kama amepewa ikulu.

Siku moja akanipigia. "Akoth, ukiwa na mtoto mgongoni na kikapu mkononi, unafika wapi kabla uchoke?"

"Uliza mgongo wangu, usiniulize mimi."

"Serious, bana. Boss anataka barabara pana ya gwaride. Mimi nataka miti na bomba la maji hapo katikati."

Alibishana nao mpaka wakachoka. Miti ikabaki kwa drawing.

Lakini kwao hakujenga. Krismasi mamake alimwambia mbele yangu, "Unapangia rais pa kulala, wewe unalala kwa sofa ya kaka yako?"

"Mama, deadline hii ikipita najenga simba yangu, nyumba yangu mwenyewe hapa bomani."

Ikapita, ikaja ingine.

Sasa ako mochari Homa Bay, na wazee wamesema mwanaume mzima haingii boma kuzikwa kama hana nyumba. Lazima isimame kwanza, kushoto kwa lango, mahali pake.

Hiyo naelewa. Yenye sikubali ni kupiga mabati haraka haraka, alale humo usiku mmoja, halafu ing'olewe.

"Nyathina, mwanangu, ni desturi tu," mzee mmoja akaniambia.

"Baba, desturi ni nyumba. Hicho mnasema ni kibanda cha kuuza mayai."

Wakanikazia macho. Mamake akasema, "Mwacheni aongee."

So itakuwa chumba kimoja, lakini na dirisha la kuangalia ziwa na baraza yenye kivuli. Mamake atakuwa anakaa hapo jioni. Fundi ameshaanza. Mwili unatoka Alhamisi.

Ouma, mji wako bado ni vigingi na vumbi. Siku moja mama fulani atapumzika chini ya hiyo miti na hatajua ni wewe. Njoo pole pole, rafiki yangu. Safari hii unalala kwako.

Watu wangu, msitume pesa, tumeni vitu. Vishushwe soko la Karungu mniite. Simiti na nguzo tuko nazo. Bado mabati kumi na mbili, misumari ya mabati, fremu ya dirisha na kioo chake, mlango wa mbao, na kufuli yenye funguo mbili. Moja tunazika naye. Moja ni ya mamake.